Zaka Elfu Themanini

Wiki jana niliwaacha mlangoni mwa ofisi ya kodi mjini Kisii, nimeshika bahasha kwa mkono mmoja na kofia kwa mkono wa pili. Leo tuingie ndani. Lakini kwa yule ambaye gazeti hili limemfikia likiwa limefungiwa mandazi, wacha nimsaidie kidogo.

Mimi ni Lewis Obwocha, fundi wa redio pale Keroka. Kwa kuwa siku hizi redio haziharibiki, watu wakiwa na simu, nimekuwa nikinunua vitu vya kale na kuwauzia wanaovitaka. Saa za ukutani, pasi za makaa, sarafu za mkoloni zenye tundu katikati. Mwaka jana nikapata santuri sitini na mbili za dansi, zile za kuchezwa kwa sindano, nikamuuzia Mholanzi mmoja anayezikusanya kama wengine wanavyofuga kuku.

Aliyenipa santuri ni Mzee Machogu wa Kebirigo. Tulikubaliana nusu kwa nusu. Nikawaambia hapa kwamba Mholanzi alilipa laki nane, mzee akachukua laki nne na mimi laki nne.

Kuhusu Mzee Machogu jueni mambo mawili. La kwanza, yeye ni baba yake Lavender, msichana ninayetaka kumwoa. La pili, yeye ni mzee wa kanisa, na ushuhuda wake unajulikana kutoka Kebirigo hadi Marani: kwamba mwaka wa 1987, siku aliyobatizwa, alifunga baa yake akachoma santuri zote za kidunia mbele ya waumini.

Nilizouza mimi ndizo hizo zilizochomwa.

Pesa zilipoingia, mzee alinijia dukani kabla sijafungua mlango wote.

"Lewis, Mungu lazima apate zaka yake," akaninong'oneza. "Lakini mimi nikipeleka elfu arobaini, wataniuliza nimeuza nini. Weka yangu ndani ya bahasha yako."

Nikaweka. Elfu arobaini zake, elfu arobaini zangu, jina langu peke yake juu ya bahasha. Lavender, ambaye ni msaidizi wa mhazini wa kanisa, aliniandikia risiti ya elfu themanini kwa mapenzi yote.

Serikali nayo sikuisahau. Nilikwenda kwa Ashley wa saiba, kile chumba cha kompyuta pale sokoni Keroka, anijazie fomu ya kodi ya mwaka.

"Buda, ulipata kitu mwaka jana?" akaniuliza bila kuinua macho.

"Kidogo tu."

"Kidogo ni nil, sufuri. Keroka yote iko nil."

Nikampa shilingi mia mbili, nikaenda zangu nikipiga mluzi. Miezi mitatu baadaye ikaja barua ya kuniita Kisii.

Sasa tuko pamoja. Tuingie.

Aliyenipokea ni mama wa makamo, mpole, ana kalenda ya kanisa ukutani na chupa ya chai mezani. Jina lake Joyline. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na simba, na upole wake ukanitia hofu zaidi.

"Kaa, Bwana Obwocha. Umeleta stakabadhi?"

"Nimeleta, madam."

Kwa kinyozi, ambako watu wanajua kila kitu, nilikuwa nimeambiwa kwamba mtu wa kodi ukimwonyesha risiti anapunguza. Risiti yoyote ile. Na mimi katika maisha yangu yote nilikuwa na risiti moja tu. Nikaitoa kwenye bahasha, nikainyoosha kwa kiganja, nikamwekea mezani kwa heshima.

Akaisoma. Akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Hii ni ya zaka."

"Ndiyo, madam. Elfu themanini. Hizo ni gharama. Ziliondoka na hazikurudi."

"Kwani wewe ni Msabato?"

"Wa kuzaliwa, madam."

"Hata mimi," akasema, na uso ukamchangamka. Nikajua nimepona. "Zaka ni sehemu ya ngapi, ndugu yangu?"

"Ya kumi!" nikajibu mbio, kama mtoto wa Shule ya Sabato anayetaka peremende.

"Ya kumi ya nini?"

"Ya faida, madam. Ya kile Mungu amekubarikia."

"Kwa hiyo faida yako ilikuwa..."

Nilikuwa nimeshaanza kuona nilikokuwa nikielekea, lakini miguu yote miwili ilikuwa ndani ya mtego, na niliingia nikiimba.

"Laki nane," akanimalizia. "Na kwenye fomu ya kodi uliandika sufuri."

"Ni Ashley, madam."

"Ashley ndiye aliyeuza?"

Akafungua faili, akatoa karatasi nyingine na kuisukuma hadi chini ya pua yangu. Ilikuwa nakala ya fomu ya kifurushi, ile niliyojaza siku ya kupeleka santuri Ulaya. Mwandiko ulikuwa wangu. Siku ile niliogopa kifurushi kisije kikapotea njiani, nikaandika thamani yake kamili ili bima inilipe.

"Thamani ya bidhaa," akasoma. "Milioni moja na laki mbili."

Nilisikia mtu kwenye ofisi ya jirani akikoroga chai.

"Bwana Obwocha, posta uliiambia milioni moja na laki mbili. Mungu ukamwambia laki nane. Serikali ukaiambia sufuri. Nani kati yetu ulikuwa unamheshimu?"

Msomaji wangu, hapa lazima niungame. Nilikudanganya wewe pia. Wiki tatu zilizopita niliandika kwenye ukurasa huu huu kwamba Mholanzi alilipa laki nane. Hakulipa laki nane. Alilipa milioni moja na laki mbili. Laki nane ndiyo bei niliyomtajia Mzee Machogu, na laki nne za juu nikazikalia.

Nilijiambia kwamba hizo ni za jasho langu. Ni mimi niliyeziosha santuri moja moja kwa sabuni ya maji. Ni mimi niliyemtafuta Mzungu miezi minne. Ni mimi niliyebeba kifurushi kichwani mvua ikinyesha. Nilijiambia mengi, na kila nilipojiambia nilijisadiki.

"Hizo santuri uliziokota?" akauliza Bi Joyline.

"Nilizinunua, madam."

"Kwa pesa ngapi?"

"Laki nne. Nilimpa mwenyewe mkononi."

Hilo lilikuwa kweli, na nilishangaa kulisikia likitoka kinywani mwangu. Bi Joyline akachukua kalamu, akatoa, akajumlisha, akarudia. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Akatabasamu.

"Milioni moja na laki mbili, toa laki nne. Zinabaki laki nane. Sehemu ya kumi ya laki nane ni elfu themanini." Akanitazama, karibu machozi yamtoke. "Ndugu yangu, tangu nianze kazi hii sijaona mtu aliyetoa zaka sawasawa hivi. Serikali umeikosea, lakini Mungu hukumkosea hata senti."

Uongo wangu wa pande tatu ulikuwa umekutana pale mezani ukazaa ukweli. Zaka niliyodhani nusu ni ya Mzee Machogu, kumbe yote ilikuwa yangu. Mzee wa watu alikuwa amenilipia zaka ya pesa nilizomficha.

"Basi yameisha, madam?" nikauliza.

"Bado. Kodi inatozwa kwenye faida. Ukinunua kwa tano ukauza kwa kumi, tunaongea habari ya tano. Lakini hizo laki nne za kununulia sina pa kuziona. Bila sahihi ya aliyekuuzia, hizo ni maneno tu, na nitakutoza kodi kwenye milioni moja na laki mbili yote."

Akatoa fomu, akaniuliza jina la aliyeniuzia, akaijaza kwa mkono wake mwenyewe, mistari minne. Vilivyouzwa. Bei ya mauzo. Jina la aliyemuuzia mfanyabiashara. Kiasi alicholipwa. Chini kabisa akaacha nafasi ya sahihi na namba ya kitambulisho. Halafu akagonga mhuri.

"Irudi Jumatatu asubuhi," akasema.

Nikaitazama ile fomu. Mstari wa pili ulikuwa umeandikwa kwa herufi za mwalimu wa darasa la kwanza, kubwa na nene: milioni moja na laki mbili. Vidole viwili chini yake, ndipo Mzee Machogu alipotakiwa kutia sahihi.

"Madam, naomba nyingine isiyojazwa."

"Ya nini?"

"Ya... kumbukumbu."

"Nenda, ndugu. Mungu akutangulie."

Shida yangu ilikuwa hivi. Jumapili, siku moja kabla, ndiyo ilikuwa siku ya kuongea mahari nyumbani kwa akina Lavender. Nikitozwa kodi kwenye laki nane, mahari inabaki. Nikitozwa kwenye milioni moja na laki mbili, pesa za ng'ombe zinakwenda zote, na Lavender ataambiwa asubiri mwaka mwingine. Alikuwa ameshasubiri mitatu. Aliniambia mwenyewe, bila hasira, kwamba wa nne hautamkuta akisubiri.

Nampenda Lavender. Naliandika hilo waziwazi hapa kwa sababu yanayofuata yanaweza kukufanya ufikirie vingine.

Alhamisi nikafika Kebirigo mapema. Mzee Machogu alikuwa kwenye migomba yake akikata majani makavu.

"Bwakire, mzee."

"Bwakire, omoko." Ameshaanza kuniita mkwe hata kabla ya ng'ombe. "Mbona uso mrefu? Majani ya chai yamekataliwa kiwandani?"

Nikamweleza habari ya sahihi. Sikueleza habari ya mstari wa pili. Alisikiliza akiwa ameshikilia panga, na nilipomaliza akakata jani moja bichi kabisa bila kujua.

"Sitii sahihi," akasema.

"Mzee..."

"Nilizichoma mbele ya mashahidi. Mchungaji alikuwepo. Kuna mahali hapo nyuma ya kanisa huwa napelekwa kuwaonyesha wageni. Nitatiaje sahihi kwamba nimeuza majivu?"

"Lakini mzee, siku ile ulichoma nini hasa?"

Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaniinamia.

"Maganda. Yale ya karatasi. Na tairi ya baiskeli, ili moshi uwe mweusi."

"Tairi?"

"Kanisa lilikohoa wiki nzima." Akakaa juu ya kisiki, akaweka panga chini. "Nilishika kiberiti, mwanangu, moyo ukakataa. Zile nyimbo ndizo nilizochezea nikiwa kijana. Nikasema, wacha nichome maganda leo, santuri zenyewe nitachoma wiki ijayo. Hiyo wiki ijayo ina karibu miaka arobaini."

Nilimwonea huruma. Halafu nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyemwibia, nikaacha kumwonea huruma na kuanza kuona aibu, na aibu haikunisaidia, kwa sababu Jumatatu ilikuwa palepale.

"Na nikishatia sahihi," akaendelea, "huyo mama hatanitafuta mimi pia aniulize kodi yangu?"

"Atakutafuta, mzee."

"Unaona? Mwambie aliyekuuzia ni ndugu yangu Mose."

"Mose si alikufa, mzee?"

"Basi hatakataa."

Sitakuficha, nilifikiria. Nilifikiria mpaka nikafika kwenye swali la kitambulisho, nikaona marehemu atatuletea taabu. Mzee akachukua panga lake akaingia ndani zaidi kwenye migomba, na mimi mkwe sina ruhusa ya kumfuata baba mkwe kila anakoingia. Nikarudi Keroka na fomu yangu.

Jumapili ikafika. Upande wangu msemaji alikuwa shangazi Jacinta, ambaye nilikuwa nimemweleza habari ya fomu njiani, isipokuwa ule mstari wa pili. Upande wao msemaji alikuwa mzee Obadiah, mdogo wake Machogu, mwembamba, sauti kama ya mwenyekiti wa chama cha ushirika. Mzee Machogu mwenyewe alikaa kwenye kona akitazama dari. Tulipewa ugali wa wimbi, kuku na mboga za chinsaga, na tulipokwisha kunawa mikono vita vikaanza.

"Tunataka ng'ombe kumi," akasema Obadiah.

Shangazi Jacinta akacheka mpaka kitambaa kikamteleza kichwani. "Kumi? Mnaoza msichana ama mnafungua kiwanda cha maziwa?"

"Mama, sisi si watu wa kubahatisha. Kijana wenu ametoa zaka ya elfu themanini. Zaka! Sehemu ya kumi! Mtu wa namna hiyo hawezi kuja hapa na mbuzi wawili na blanketi."

Chumba chote kikaitikia. Mimi nikamtazama Mzee Machogu, mwenye elfu arobaini ndani ya ile bahasha. Naye akazidi kuitazama dari.

Shangazi akanipiga kiwiko. "Lewis, kwani Mungu ulimpa pesa ngapi?"

"Nitakueleza, shangazi."

"Ukieleza ng'ombe wakishahesabiwa itatusaidia nini?"

Obadiah akakataa kushuka chini ya tisa. Shangazi akakataa kupanda juu ya watano. Wakafika mahali pa kutazamana tu kama majogoo. Ndipo shangazi Jacinta, ambaye subira haijawahi kulala kwake hata siku moja, akaingiza mkono ndani ya koti langu, akachomoa fomu na kuibwaga mezani katikati ya vikombe.

"Sikieni!" akasema. "Nyinyi mnataka ng'ombe. Serikali inataka sahihi ya Machogu kwamba alimuuzia huyu kijana santuri. Bila sahihi, hakuna ng'ombe hata mmoja, pesa zote zinakwenda na kodi. Toeni sahihi, tutoe ng'ombe."

Nilitamani sakafu ifunguke. Mzee Machogu alitamani zaidi. Neno "santuri" lilizunguka chumba kizima, likapita kwa kila mtu, likaja kusimama mbele yake.

"Santuri gani?" akauliza kwa sauti ndogo. "Mimi nilichoma..."

"Tia sahihi, baba Lavender."

Aliyesema ni mkewe, Mama Bathsheba, amesimama mlangoni na birika la chai. "Miaka yote hii ninafagia ghala la mahindi. Ulidhani nilikuwa nafagia nimefumba macho? Nilikuwa nazipangusa vumbi."

"Ulijua?" mzee akashangaa.

"Hata mimi nilijua," akasema Obadiah. "Ile tairi ilikuwa yangu. Nilikwenda kazini kwa miguu mwaka mzima."

Kicheko kikalipuka. Watu walicheka wakashikana mabega. Shangazi Jacinta alicheka akamwaga chai kwenye sahani ya kuku. Mzee Machogu alijaribu kukunja uso, ukakataa kukunjika, na mwishowe naye akacheka, machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya tai. Nadhani alikuwa amechoka sana kubeba lile jambo. Nilimwona akinyooka mgongo kama mtu aliyetua gunia.

"Basi leteni kalamu," akasema. "Jumamosi nitaongea na mchungaji. Leteni kalamu."

Kalamu nilikuwa nayo mkononi tangu asubuhi. Nikamsogezea fomu, kidole gumba changu kimelala juu ya mstari wa pili kana kwamba kimechoka safari.

"Hapa tu, mzee. Hapa chini."

"Miwani yangu iko wapi?"

"Ya nini, mzee? Ni sahihi tu."

"Yaya, yaya, hapana. Mimi si mtu wa kutia sahihi nisichokijua." Akageuka. "Lavender! Njoo unisomee. Anza juu kabisa."

Lavender akaja. Alikuwa amevaa gauni la kijani ambalo nilimnunulia kwa pesa unazojua. Akaishika karatasi, na kwa kuwa kidole changu hakikutaka kuondoka, akakiondoa yeye, kwa upole, huku akinitabasamia.

Lazima ujue kwamba Lavender hajawahi kukosea tarakimu. Sabato moja alilizuia kanisa lote lisiende nyumbani kwa sababu sadaka ilipungua shilingi ishirini, mpaka zikapatikana chini ya mkeka. Watu humwogopa kwa hilo. Mimi nilimpendea hilo.

"Vilivyouzwa," akasoma kwa sauti yake ya kanisani. "Santuri sitini na mbili."

"Ee, ndizo," akasema mzee, na watu wakacheka tena.

"Bei ya mauzo..."

Macho yake yakabaki kwenye ule mstari. Kisha yakapanda polepole hadi usoni kwangu. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa macho yale yale anayokuwa nayo kitabu cha hesabu kikimkataa, anapojua pesa zimepotea na anajua pia kwamba aliyezichukua yumo humu ndani.

"Bei ya mauzo ni ngapi?" akauliza mzee. "Mbona umenyamaza?"

Nilifungua mdomo niseme mwenyewe. Naapa nilifungua.

"Laki nane, baba," akasema Lavender, kulingana na risiti ya zaka aliyoiandika mwenyewe.

Akaendelea kusoma bila kutetereka. "Aliyemuuzia, Machogu. Kiasi alicholipwa, laki nne."

"Sawasawa!" mzee akapiga paja. "Nusu kwa nusu, kama tulivyosema. Mnaona? Nilikuwa nawaambia huyu kijana ni mwaminifu." Akatia sahihi, ndefu, ya mtu aliyesomea misheni. Obadiah kwa furaha akashuka hadi ng'ombe saba. Mama Bathsheba akapiga vigelegele, shangazi Jacinta akavidaka, na mimi nikakumbatiwa na watu ambao sikuwaona nyuso.

Nilikuwa nimepata yote niliyokuja kutafuta. Sahihi ilikuwa imetiwa, bibi alikuwa amepatikana, na ng'ombe watatu walikuwa wamesamehewa. Lakini nilihisi kama mtu aliyekula chakula cha matanga kabla hajaambiwa aliyekufa ni nani.

Lavender akanikuta nje, karibu na kamba ya nguo. Alikuwa ameikunja fomu mara mbili.

"Leo nimemdanganya baba yangu," akasema. "Sijawahi."

"Lavender, wacha nikueleze..."

"Usinieleze. Nusu ya milioni moja na laki mbili ni laki ngapi?"

"Sita."

"Baba ana nne. Mbili zake ziko wapi?"

Akanishikisha karatasi kiganjani, akanifunga vidole juu yake kimoja kimoja.

"Ukimlipa laki zake mbili, basi alilipwa laki sita, na hii fomu aliyotia sahihi ni ya uongo, huwezi kuipeleka kwa mtu wa kodi, itabidi baba aambiwe ukweli atie nyingine. Ukipeleka hivi ilivyo, baba ameibiwa na mimi ndiye niliyemsomea. Mimi siolewi na mtu aliyenifanya nisome vibaya. Kesho ni Jumatatu. Utaniambia umechagua nini."

Mlango ukafunguka. Mzee Machogu akatokea, tai imepinda, uso umelowa kicheko, mikono ameitandaza.

"Mwanangu Lewis! Mbona unasimama nje kama mgeni? Tangu leo wewe ni mtoto wa nyumba hii. Njoo ukae hapa karibu na mimi."

Lavender akanitazama.

"Nenda," akasema. "Baba anakuita."